Miezi 36: Yake, Yako au Yenu?

Mwezi huu tunaongea pesa, lakini si ile ya kitchen party wala mchango wa harusi. Tunaongea pesa ya shule. Na si shule ya watoto peke yake, bali shule ya baba na mama pia.

Hivi unajua kwamba kuna wapenzi wanaolala kitanda kimoja, mmoja wao ana haki ya kusomeshwa chuo kikuu bure, na hawajawahi kukaa chini hata siku moja wakaulizana itatumikaje? Wapo, tena wengi tu. Nawazungumzia ndugu zetu walioko Marekani ambao mmoja wao amevaa gwanda la jeshi la nchi ile.

Usishangae. Sheria ya Marekani haidai uwe raia kwanza ndipo ujiunge na jeshi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na vijana wetu kutoka Kenya, Tanzania na Uganda wamepitia mlango huo. Kulikuwa na mlango mwingine pia, mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009. Huo uliwachukua hata wageni wasio na grini kadi, alimradi wana utaalamu wa tiba au wanajua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha! Mwanariadha Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya, aliingia jeshini kwa mpango huo, kisha akaitwalia Marekani medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka huohuo mpango ukasimamishwa, usipokee watu wapya.

Basi, ukimuuliza kijana wetu kwa nini aliingia jeshini, mara nyingi jibu halichelewi: shule. Ada za vyuo kule ni balaa, na jeshi linalipa. Swali langu la leo linaanzia hapo. Linamlipia nani?

Cheti cha mke

Tuanze na historia kidogo, maana ina utamu wake. Tarehe 22 Juni 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ambayo watu waliizoea kwa jina la GI Bill. Askari aliyerudi vitani angelipiwa ada hadi dola 500 kwa mwaka, na juu yake apewe posho ya kujikimu. Kwa wakati ule dola 500 zilitosha ada ya hata vyuo vikubwa. Kufikia mwaka 1947 karibu nusu ya waliokuwa wakisoma vyuoni Marekani walikuwa askari waliotoka vitani. Hadi mpango ule wa kwanza ulipofungwa mwaka 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kufundishwa ufundi kwa fedha zake.

Si wote waliofaidi sawasawa. Askari weusi walirudi kwenye majimbo ya kusini ambako vyuo vya wazungu havikuwapokea, na vyuo vichache vya weusi vikajaa mpaka vikawa vinarudisha watu getini. Haki ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, mlango haukuwepo. Kumbuka sentensi hiyo, tutaihitaji huko mbele.

Sasa sikia hili la wanawake. Wengi wa wanafunzi wale walikuwa na wake na watoto. Waliishi kwenye vibanda na mabehewa yaliyopangwa pembeni ya vyuo, mke anafanya kazi, anapika, ananyamazisha mtoto ili baba asome. Siku ya mahafali vyuo vingine vikaanza utani wa kuwapa wake hao vyeti vya "PHT", herufi za Kiingereza zenye maana ya kwamba huyu amemsomesha mumewe. Watu wakacheka na kupiga makofi. Mume akaondoka na digrii, mke akaondoka na utani.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2009. Wenyewe wanaiita Post-9/11 GI Bill, kwa kuwa ni ya waliotumikia baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Ndani yake kuna kifungu ambacho wale wake wa vyeti vya PHT wangekililia: askari anaweza kumhamishia mke, mume au watoto wake miezi yake ya masomo.

Kilichomo ndani ya kapu

Mafao haya yanahesabiwa kwa miezi. Askari anapata miezi 36. Ukigawa kwa mwaka wa chuo wa miezi 9, unapata miaka 4, yaani digrii moja nzima. Lakini si kila mtu anapata kwa kiwango kilekile. Aliyetumikia siku 90 anaanzia asilimia 50, na asilimia inapanda kadiri muda unavyoongezeka. Ili kupata asilimia 100 lazima afikishe miezi 36 ya utumishi wa muda wote. Aliyeruhusiwa kutoka kwa sababu ya ulemavu alioupata kazini hahitaji kusubiri kiasi hicho.

Mwenye asilimia 100 analipiwa hivi. Chuo cha serikali ya jimbo, ada yote ya mwenyeji wa jimbo. Chuo binafsi, hadi kikomo kinachopangwa kila mwaka: kwa mwaka wa masomo 2025/26 kilikuwa dola 29,920.95. Vitabu na vifaa, hadi dola 1,000 kwa mwaka. Halafu kuna posho ya nyumba, ambayo ni sawa na ile anayolipwa sajenti mwenye familia katika eneo kilipo chuo. Pesa hizi hazikatwi kodi. Ni nzuri? Ni nzuri sana!

Ila posho hiyo ina masharti yake, na ndiyo inayogombanisha watu. Hailipwi kwa anayesoma nusu muda au chini yake. Anayesoma kwa intaneti peke yake anapata nusu tu ya wastani wa nchi. Inakuja mwisho wa mwezi, si mwanzoni, na wakati wa likizo kati ya muhula na muhula haiji kabisa. Mwanafunzi anatakiwa kila mwezi kuthibitisha kwamba bado yuko darasani. Akiacha kozi katikati bila sababu inayokubalika, anaweza kudaiwa arudishe alichokula. Kwa hiyo dada, ukimwona mwenzio anapanga nyumba ya kifahari kwa hesabu ya posho ya shule, mvute shati taratibu. Mwezi wa likizo mwenye nyumba hataki kusikia habari za muhula.

Jambo jingine: ili kutumia mafao haya, lazima askari awe ameondoka jeshini kwa heshima. Kuna daraja la chini kidogo la kuachishwa, ambalo kwa mtu wa nje linasikika zuri tu, lakini linamfungia masomo. Na walio kwenye jeshi la akiba wasidanganyike: zile wikiendi za mazoezi mara moja kwa mwezi hazihesabiwi kwenye ile miezi 36 ya utumishi. Kinachohesabiwa hasa ni muda alioitwa kazini rasmi.

Mlango unaofungwa

Haya, sasa tufike kwenye kiini. Kumhamishia mwenzio miezi ya masomo si jambo la kufanya mkishatulia. Linafanywa askari akiwa bado jeshini. Akishakabidhi gwanda na kutoka getini, mlango umefungwa. Hata awe na miezi 36 mizima haijaguswa, hata mke awe na barua ya chuo mkononi, haiwezekani.

Ili aruhusiwe kuhamisha, awe ametumikia angalau miaka 6, na akubali kutumikia mingine 4. Huyo anayehamishiwa lazima awe ameandikishwa kwenye daftari la jeshi la wanafamilia, linaloitwa DEERS. Hapo ndipo wapendanao wetu wengi wanapopigwa chenga. Ndoa mliyofunga nyumbani kwa mila, mahari ikatoka, ng'ombe wakavuka mto, wazee wakashiba, mbele ya karani wa daftari lile inahitaji cheti. Kama hakuna cheti, hakuna mke. Mchumba naye hayumo, hata kama pete inang'aa. Na mke aliyeolewa baada ya mume kutoka jeshini hawezi kuingizwa.

Kuna siri moja nzuri ambayo kila nyumba ya askari ingepaswa kuijua. Akiwa bado kazini, mhusika anaweza kumgawia kila mmoja, mke na kila mtoto, walau mwezi mmoja. Akishafanya hivyo, hata baada ya kutoka jeshini anaweza kupanga upya, akampunguzia huyu na kumwongezea yule. Asichoweza ni kumwongeza mtu ambaye hakupewa hata mwezi mmoja tangu mwanzo. Kwa hiyo mwezi mmoja ule ni kama kuweka mguu mlangoni usifungwe.

Mke anaweza kuanza kusoma mara moja, hata mume akiwa bado kazini, ila kwa kipindi hicho halipwi posho ya nyumba, maana mume tayari anapata yake jeshini. Mtoto anasubiri mpaka mzazi afikishe miaka 10 ya utumishi, na yeye mwenyewe awe amemaliza sekondari au ametimiza miaka 18. Akifika 26, basi. Kwa askari waliotoka jeshini kuanzia tarehe 1 Januari 2013, ukomo ule wa zamani wa miaka 15 umeondolewa, kwake na kwa mke aliyehamishiwa.

Penzi likiyumba

Najua wengine mnasema, "Mhariri naye, mbona unatutabiria mabaya?" Sikutabirii, mpenzi. Ila sheria ya wenzetu imeshalifikiria jambo hili, na ni afadhali ulijue mkiwa mnacheka kuliko ulijue mkiwa mnalia.

Kwanza, sheria inasema wazi kwamba mafao haya si mali ya ndoa. Nyumba inaweza kugawanywa, gari linaweza kugawanywa, lakini miezi ya masomo hakimu haigawi. Ni ya aliyevaa gwanda. Pili, aliyehamisha anaweza kuirudisha kwake wakati wowote ile miezi ambayo haijatumika. Mnaweza kuachana mwezi wa tatu, wewe ukiwa mwaka wa pili chuoni, na muhula unaofuata ukajikuta unatafuta ada mwenyewe. Akiamua kutoiondoa, utaendelea kuitumia hata baada ya talaka. Uamuzi ni wake.

Tatu, na hili ndilo linalonitisha zaidi: deni. Kama mke ameshasoma kwa miezi aliyohamishiwa, halafu mume akashindwa kumaliza ile miaka 4 aliyoahidi, bila sababu zinazokubaliwa na sheria, fedha zilizotumika zinageuka deni. Zamani sheria iliwabana wote wawili, aliyehamisha na aliyesoma, kila mmoja kwa deni lote; siku hizi deni hilo linambana aliyehamisha, lakini pengo mfukoni ni la nyumba nzima. Yaani uvumilivu wake kazini ni ada yako. Akikuambia amechoka na jeshi, anataka kutoka mwakani, hayo si mazungumzo ya kumjibu "fanya unavyoona" huku unatazama tamthilia. Zima televisheni!

Tupige hesabu

Chukulia mfano huu. Mume ana miaka 30, ametumikia miaka 6, ni sajenti. Mke anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku, na ndoto yake ni kuwa muuguzi kamili. Mtoto wao ana miaka 3. Watafanyaje?

Wakae chini mwaka huu, si mwaka wa kutoka. Mume akiona maisha ya jeshi bado anayaweza, asaini miaka 4 mingine na ahamishe miezi: mke apewe 18, mtoto 1, yeye abaki na 17. Mke asome uuguzi kwenye chuo cha miaka miwili, mihula 4 ya kawaida, ambayo ndiyo hiyo miezi 18. Wakati huohuo mume naye asikae bure. Jeshi lina mfuko mwingine wa kumlipia askari ada akiwa kazini, hadi dola 250 kwa kila krediti na kikomo cha kawaida cha dola 4,500 kwa mwaka, na mfuko huo haugusi miezi yake 36. Kozi mbili huku, kozi moja kule, baada ya miaka 4 anaweza kuwa amefika mbali.

Atakapotoka atakuwa na miaka 34 na utumishi wa miaka 10. Mke ana kazi yenye mshahara wa muuguzi. Mume anaamua: amalizie digrii yake kwa miezi 17 iliyobaki, au atumie michache na nyingine amwongezee mtoto, ambaye wakati huo ana miaka 7 na jina lake limeshaandikwa. Watu watatu wamekula sahani moja na kila mmoja ameinuka ameshiba.

Sasa geuza mfano huohuo. Hawakuongea. Mume akatoka baada ya miaka 6, akiwa na asilimia zake 100 na kapu lake limejaa. Akajiandikisha kwenye chuo alichokiona kwenye tangazo, kozi zote kwa intaneti, akachoka, akaacha, akadaiwa. Mke bado yuko zamu za usiku. Hakuna aliyemdhulumu mwenzie. Walinyamaza tu.

Chuo gani?

Msisahau kuchunguza chuo chenyewe. Kwa miaka mingi vyuo vya biashara viliwawinda askari hawa kwa matangazo, kwa sababu fedha zao ni za uhakika. Baadhi vilianguka na wanafunzi ndani: Corinthian Colleges ilifunga mwaka 2015, ITT Tech ikafuata mwaka 2016. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu wanafunzi waliokumbwa na kufungwa kwa vyuo warudishiwe miezi yao, lakini muda wa maisha haurudishwi na sheria yoyote. Kabla ya kusaini, ulizeni chuo mambo matatu: kozi hii inatambuliwa na wanaotoa leseni ya kazi? Krediti zake vyuo vingine vinazipokea? Na ada ikizidi kikomo, nani anaongezea? Vyuo binafsi vingi vina mpango uitwao Yellow Ribbon, ambapo chuo na serikali wanachangia kilichozidi. Kama hakimo, kilichozidi ni chenu.

Na kama askari alitumikia vipindi viwili tofauti, asikubali haraka kuambiwa miezi yake imekwisha. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Rudisill, iliamua kwamba aliyestahili mafao mawili kwa vipindi viwili anaweza kuyatumia yote, mpaka jumla ya miezi 48.

Ongeeni

Mpenzi msomaji, huenda wewe uko Dar, Mombasa au Kampala na humjui askari hata mmoja. Bado jambo hili linakuhusu. Katika kila nyumba kuna fursa yenye jina la mtu mmoja: mkopo wa elimu kazini kwake, likizo ya masomo, nafasi ya kusoma nje. Jina ni lake, lakini anayebaki na mtoto homa ikipanda ni wewe, na anayefunga mkanda mshahara ukipungua ni ninyi wote. Kwa hiyo haki ya kuongea unayo, hata kama haki ya kuamua hauna.

Na kwa ninyi mlioko kule, yule mwenye gwanda asisubiri kuulizwa. Leo jioni, chakula kikishaliwa, mwambie mwenzio mambo manne: nimeshatumikia miezi mingapi, natoka lini, daftarini umo au haumo, na tunataka nani asome kwanza. Hamtamaliza usiku mmoja. Inatosha mkianza.

Wale wake wa zamani walipewa cheti cha utani. Wewe leo unaweza kupewa digrii kamili yenye jina lako, alimradi mtu aseme neno mapema, mlango ukiwa bado wazi.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa. Mpaka hapo, pendaneni na muongee!